Nyuki wa Kaburi la Magdalena

Kwa miaka thelathini na moja Gozbert Kagaruki alilipwa mshahara ili aangalie kahawa. Si kuilima wala kuionja, kuiangalia tu. Alikaa kwenye meza ndefu ya kiwanda kimoja mjini Bukoba, wakammwagia punje kwenye trei, naye akatoa zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu, na zile zilizooza kwa ndani ambazo mtu wa kawaida angeapa kwamba ni nzima. Alipostaafu walimpa cheti, saa ya ukutani na hotuba ya dakika nne. Macho waliyomfundisha kuyatumia hawakumwomba ayarudishe.

Macho hayo aliyahamishia Kamachumu, wilayani Muleba, kwenye kibanja cha migomba na kahawa alichoachiwa na baba yake. Aliyetaka kurudi hasa ni mke wake, Magdalena. Miaka yote ile walikuwa wameishi Nshambya, mjini, kwenye nyumba yenye uwanja wa kutosha miche minne ya maua, naye alikuwa amesema waziwazi kwamba hatakufa kabla hajapata bustani. Aliipata kwa miaka mitatu. Kisha shinikizo la damu likamchukua wiki moja kabla ya Pasaka, akazikwa nyuma ya nyumba, pembeni mwa migomba, kama wanavyozikwa watu wote wa pale wenye pa kuzikiwa.

Hapa lazima lisemwe jambo moja kuhusu kibanja. Mhaya haachi udongo wa kibanja chake ukae uchi. Nyasi zinazokatwa kwenye mbuga za rweya, majani makavu ya migomba, maganda, mabua, vyote hutandazwa mpaka mguu usikanyage ardhi. Udongo ukionekana, wapita njia hupunguza mwendo na kuuliza kwa upole kama mwenye shamba anaumwa. Kwa hiyo katika kibanja chote cha Gozbert palikuwa na sehemu moja tu ambapo ardhi ilionekana: juu ya kaburi la Magdalena. Kaburi halitandazwi nyasi. Lilikuwa tuta la udongo mwekundu, msalaba wa mti, na kulizunguka maua ya marehemu ambayo Gozbert aliyahamisha kutoka mbele ya nyumba: zinia, mwaridi mmoja mgonjwa, na yale ambayo vitabu huyaita kosmosi na Magdalena aliyaita tu "ya pinki".

Simu yenye kamera ilitoka kwa Violeth, mtoto wake wa kwanza, anayefanya kazi kwenye bima Dar es Salaam. Alimtumia baba yake ili waonane kwa video. Walionana mara tatu, wote wakaona inachosha. Lenzi ya kuongeza kwenye simu Gozbert aliinunua mwenyewe kwenye duka la vifaa vya simu mjini Bukoba: kitu kidogo cha kubana, kama kibanio cha nguo chenye jicho. Muuzaji alisema ni ya kupigia picha pete za harusi. Asubuhi iliyofuata Gozbert alimpiga picha nzi aliyekuwa amekaa kwenye ua la pinki, akaikuza picha kwa vidole viwili, akakuta kwamba nzi yule alikuwa na macho yenye mistari, kama kitambaa cha kanga kilichokunjwa vizuri. Alitafuta pa kukaa.

Tangu siku hiyo alikuwa na kazi tena. Alijifunza kwamba mdudu hupigwa picha asubuhi, kabla jua halijampa akili, bado ana umande mgongoni na hawezi kuruka. Alijifunza kukaza kiwiko gotini na kuzuia pumzi, kwa sababu kwa lenzi ile pumzi ya mzee wa miaka sitini na tisa ni kimbunga. Alijifunza kwamba katika picha tisini, themanini na tisa ni ukungu, na hiyo iliyobaki ni ya mgongo wa mdudu anayeondoka.

Mdogo wake, Kahigi, mwenyekiti wa vikao vyote vya ukoo, alimkuta siku moja amepiga magoti kaburini huku makalio yakielekea barabarani.

"Kaka, salama?"

"Salama. Simama hapo hapo, utamfukuza."

"Nani?"

"Mdudu. Nampiga picha."

Kahigi alisogea polepole. "Analiwa?"

"Haliwi."

"Anaharibu kahawa?"

"Hapana."

Kahigi akafikiri. "Sasa ana kosa gani?"

Swali hilo halikuwa la dharau. Mkoani kwetu mdudu anayeheshimiwa ni senene peke yake, na heshima yenyewe hutolewa kwenye kikaango. Wengine wote hushughulikiwa kulingana na uharibifu wao. Mdudu asiyeliwa wala asiyeharibu hana faili.

Nyuki waliingia katika maisha ya Gozbert mwezi wa Juni, kiangazi kilipokuwa kimeukausha vizuri udongo wa kaburi. Aliona kwanza vichuguu vidogo vya vumbi, upande wa miguuni, kila kimoja na tundu katikati kama sindano nene imepita. Akalala kifudifudi. Baada ya dakika ishirini, kwenye tundu moja kikatokea kichwa. Alikuwa nyuki mdogo kuliko punje ya mchele, wa kijani kinachong'aa kama shaba iliyosuguliwa, usoni amejaa unga wa ua la pinki. Alimtazama Gozbert, kama nyuki hutazama, akarudi ndani.

Aliyahesabu matundu: arobaini na matatu. Yote yalikuwa kwenye kipande cha udongo kisichozidi ukubwa wa trei aliyofanyia kazi miaka thelathini na moja.

Kupitia kundi la wapenda wadudu kwenye simu alimpata mtafiti mmoja wa chuo kikuu, mama mwenye haraka, ambaye alijibu picha zake kwa maswali. Nyuki hawa, aliandika, hawana mzinga wala malkia wala asali. Kila jike huchimba tundu lake, anaweka chavua ya maua, anataga, anaziba, anakufa. Mtoto hubaki chini. Wanahitaji udongo mtupu, mkavu, wenye jua, na ndiyo maana kwenye mashamba ya ndizi hawaonekani. Watoto hutoka lini? Labda Januari, labda Februari, mvua zikipungua. Hakuna aliyewahi kukaa na kuwaangalia. "Wewe upo hapo kila siku," aliandika yule mama. "Utatuambia wewe."

Gozbert aliusoma ujumbe huo mara nyingi kuliko alivyoisoma hotuba ya kustaafu. Tangu afiwe, hakuna mtu aliyekuwa amemwambia kwamba kuwepo kwake mahali fulani kila siku kuna faida. Na mahali penyewe palikuwa pale kaburini. Hakuwa mtu wa kuongea na makaburi. Alikuwa Mlutheri, na zaidi ya hapo hata mkewe akiwa hai walikuwa hawaongei sana asubuhi. Lakini toka saa mbili hadi saa nne alikaa karibu naye, wote kimya, mmoja akifanya kazi. Ilikuwa karibu sawa na zamani.

Kosa lake lilikuwa furaha. Mwezi wa Oktoba alipata picha aliyokuwa anaitafuta tangu Juni: nyuki mdomoni mwa tundu, miguu ya mbele nje, kila unywele wa usoni unahesabika. Akaituma kwenye kundi la familia, lenye watu arobaini na mmoja. Alikuwa ametuma nyingine kabla, na wa pekee aliyejibu alikuwa Shangazi Kokuhirwa wa Kitendaguro, ambaye hujibu kila kitu "Amina", hata nzi. Safari hii Amina ilifika kama kawaida. Kisha Violeth akaandika.

"Baba, hiyo nyuma ni nini?"

"Ni msalaba wa mama yenu. Lakini wewe angalia mbele."

Violeth hakuangalia mbele. Aliikuza picha kwa vidole viwili, kama alivyofundishwa na ulimwengu, na nyuma ya uso wa nyuki akaona udongo uliopasuka, msalaba wa mti ulioinama, na magugu mawili.

"Mama bado yuko kwenye udongo?" aliandika.

Mdogo wake Derick, mkandarasi wa Mwanza, akaongeza: "Miaka miwili na nusu! Jamani, mama yetu yuko kwenye udongo!"

Hakuna aliyeuliza wapi kwingine angekuwa. Zilifuata alama za watu wanaolia, kisha ujumbe wa sauti wa Kahigi, dakika tisa, kwamba kwa kweli jambo hilo limekuwa likiwasumbua watu wengi, ila walikuwa wanaona aibu kulisema. Hadi jioni lilikuwa limeamuliwa. Desemba, wote wakija nyumbani kwa Krismasi, mama atajengewa. Vigae vya rangi ya maziwa, jiwe lenye jina, ibada ya shukrani, ng'ombe.

Gozbert alimpigia Derick.

"Mwanangu, hilo jambo la kaburi. Msiharakishe."

"Baba, usijali kabisa. Wewe huchangii chochote. Kaa tu."

"Si hivyo. Pale kuna nyuki."

"Nyuki? Kwenye kaburi la mama?"

"Wadogo. Hawaumi. Wanaishi chini, wana watoto..."

"Pole sana, baba. Na wewe umekaa nao muda wote huo bila kusema? Nakuja na dawa."

"Hapana, hapana," Gozbert alisema haraka. "Wamehama."

Baada ya hapo asingeweza tena kuwatetea, maana hawakuwepo.

Akaenda kwa Kahigi. Kahigi alimkaribisha kwa heshima zote, akaletewa kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, wakatafuna. Gozbert alisema angependa kaburi libaki lilivyo hadi Machi.

"Machi kuna nini?"

"Hakuna kitu. Machi litakuwa limekauka vizuri."

"Kaka, waitu, nikuambie ukweli kama ndugu yako. Kaburi la mama ni la watoto. Mume analiangalia tu mpaka watoto wapate nguvu. Wako wamepata. Unataka wakae nazo?" Akatema ganda. "Na unajua watu wanasemaje wakipita? Wanasema Gozbert alimpenda mkewe akiwa hai."

Gozbert alitaka kusema kwamba watu wakipita humkuta pale pale kila siku ya Mungu. Lakini ushahidi huo nao ulikuwa umeshatumika dhidi yake. Mke wa Kahigi alikuwa akisema kanisani kwamba shemeji anaumia sana, anapiga magoti mpaka anaweka uso chini.

Matumaini yalikuja na Clavery, fundi wa vigae, mtu wa Muleba mjini, aliyefika mwanzoni mwa Desemba na futi yake ya chuma na penseli sikioni. Alilipima tuta, akaandika mkononi, akasema kwa ujumla kwamba hakuna tatizo.

"Fundi," Gozbert alimwambia, "wewe hujawahi kuacha nafasi? Katikati? Ya udongo?"

"Ya maua? Mbona ipo, mzee. Tunaita dirisha. Wahindi wanapenda. Unaacha shimo kwenye zege, unaweka ua lako humo."

"Lazima liwe katikati?"

"Linakaa unapotaka wewe. Kwani ni kaburi langu?"

Gozbert aliingia ndani, akamwandikia Violeth kwamba anaomba kitu kimoja tu, dirisha la maua, kwa sababu mama alipenda maua. Violeth alilia, akajibu: "Baba! Bila shaka." Mzee alirudi nje, akachukua vijiti vinne, akavichomeka kuzunguka matundu arobaini na matatu. Clavery alipima kutoka kijiti hadi kijiti, akashangaa kidogo kwa nini dirisha liwe miguuni na si kichwani, lakini alikuwa mtu aliyeshazoea kushangaa akiwa kazini. Siku hiyo Gozbert alikula ebitoke, ndizi za kupika, sahani nzima, akaomba nyingine.

Watoto walifika tarehe kumi na nane, na magari, na wajukuu wanaoongea Kiswahili tu. Nyumba ilijaa. Clavery alimwaga zege na kuacha dirisha pale pale palipopimwa, udongo wake haujaguswa. Kila asubuhi Gozbert alipita kama mtu anayenyoosha miguu na kuchungulia. Matundu yalikuwa yameshazibwa na mama zao tangu Novemba, lakini alama zilionekana, kwa mtu anayejua.

Ijumaa alitumwa Bukoba na gari la Derick kuchukua jiwe lenye jina. Derick alisema mwenyewe hawezi kwenda, kuna kakazi kadogo anataka kukamalizia. Jiwe halikuwa tayari, likawa tayari saa nane, na njiani dereva alisimama kuchukua kreti za soda. Alifika nyumbani saa kumi na moja. Familia nzima ilikuwa imesimama nyuma ya nyumba ikimngoja, nyuso za watu wenye siri nzuri.

Vigae vilikuwa vimekamilika. Vilipendeza, hakuna mtu mwaminifu angesema vinginevyo. Katika dirisha kulikuwa na mawaridi matatu mekundu, kwenye udongo mweusi, laini, uliofikichwa na mikono.

"Umeona, baba?" Violeth alisema. "Tumekusikiliza."

Derick alikuwa amejaa matope hadi magotini, kwenye suruali aliyokuja nayo kutoka Mwanza. Hakumwachia kibarua, alikuwa amechimba mwenyewe. "Ule udongo ulikuwa umechoka, baba. Hauna kitu, una vishimoshimo tu, kama biskuti. Waridi lisingeshika. Nimeutoa wote mpaka kina cha mkono, nikaweka samadi ya mwaka juzi na udongo wa bustani."

"Umeupeleka wapi?"

"Upi?"

"Uliochoka."

"Ah! Kwenye migomba huko. Toroli sita. Nimesambaza, nikatandaza na nyasi juu. Sikusahau mambo ya nyumbani, unaona?"

Kila mtu alicheka. Gozbert alimwangalia mwanawe, mikono ile yenye malengelenge mapya, na akatafuta katika kichwa chake sentensi moja ambayo ingesema kilichotokea bila kumwambia mtoto alichofanya. Haikuwepo kwa Kihaya, na kwa Kiswahili haikuwepo vilevile.

"Asante, mwanangu," alisema.

"Sasa mpiga picha, tupige!" akaita mkwe wake. Wakajipanga. Aliwapiga. Picha haikuwa na ukungu hata kidogo.

Ibada ilifanyika Jumamosi. Mchungaji alisema kwamba upendo huonekana. Shangazi Kokuhirwa alisema Amina, safari hii ana kwa ana. Kwenye migomba watu walikaa juu ya nyasi mpya wakala ng'ombe, na Gozbert alizunguka akikaribisha wageni huku akijaribu kukumbuka wapi nyasi zilikuwa nene kuliko jana.

Wiki ya pili ya Januari, magari yakiwa yameondoka yote, alianza kutafuta. Alifikiri kama mpanga madaraja ya kahawa: toroli sita za udongo mwekundu mkavu, juu ya udongo mweusi wa kibanja, rangi lazima itofautiane. Watoto wa nyuki wakiwa hai, chini ya nyasi kuna unyevu na kiza, hawatatoka. Wakipata jua, labda. Alianza na mashina yaliyo karibu. Aliinua nyasi, akaangalia, akasogea. Kwa kuwa kila alipofunua aliona chembe nyekundu ambazo zingeweza kuwa zenyewe, hakufunika tena. Baada ya siku nne mashina kumi na moja yalikuwa yamesimama kwenye ardhi tupu, naye alikuwa ameketi katikati yake juu ya kigoda, simu mkononi, akiangalia chini.

Mtafiti aliandika: "Habari za huko? Wameanza kutoka?" Hakujibu siku hiyo.

Kahigi alisimama kwenye njia.

"Kaka, umetoa nyasi."

"Kidogo."

"Umeacha migomba uchi."

"Nitairudisha. Kuna kitu natafuta."

"Kitu gani, nikusaidie?"

Gozbert alimtazama ndugu yake, aliyekuwa tayari kukunja suruali na kutafuta chochote. "Ni kidogo sana," alisema. "Hutakiona."

Kahigi aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyepewa majibu ya hospitali.

Alhamisi, kabla hajamaliza uji, walikuja. Akina mama saba wa jumuiya, mke wa Kahigi akiwa mbele, kila mmoja na mzigo wa nyasi kichwani, mbichi, zilizokatwa rweya asubuhi ile ile. Walimwamkia kwa sauti za chini zinazotumika kwenye misiba. Alitoka mbio, akasema asanteni, asanteni sana, jamani msijisumbue, kazi hiyo naiweza.

"Keti, tata, baba yetu," mmoja wao alimwambia, akimshika mkono. "Umefanya vya kutosha. Keti upumzike."

Waliimba wakifanya kazi. Walikuwa wepesi na hawakuacha hata upana wa kiganja. Mmoja alipofika alipokuwa amesimama, alimgusa mguu kwa upole ili ausogeze, naye akausogeza.

Violeth alipiga simu saa saba mchana. Baba mdogo alikuwa amemweleza kila kitu. Sauti yake ilikuwa ya furaha ya kujilazimisha, ile wanayotumia manesi.

"Baba, utakuja ukae na sisi. Hapa kuna chumba, kuna uwanja mkubwa, kuna maua mengi kweli. Utapiga picha mpaka uchoke."

"Ni wazo zuri, mama. Nitakuja. Mwezi wa Machi nitakuja."

"Tiketi imeshakatwa, baba. Ndege ya Jumapili. Mwesiga wa hapo jirani atakupeleka uwanjani Bukoba."

"Haiwezi kusogezwa mwezi mmoja tu? Mmoja."

"Kwa nini, baba? Unangoja nini?"

Nje, akina mama walikuwa wanajifuta mikono na kuaga. Gozbert alishika simu kwa mikono miwili. Mtoto wake alikuwa anasikiliza kweli, bila haraka, kwa mara ya kwanza tangu Oktoba; angeweza kumwambia lolote. Alifikiria toroli sita, na suruali ya Derick, na jinsi Violeth angempigia ndugu yake mara tu baada ya kukata.

Akasema hangoji kitu.